Chumba cha Kununia

Nimepima wanawake wa Mombasa kwa zaidi ya miaka 30 na sijawahi kupata kiuno cha kweli kwa mara ya kwanza. Futi ikishamzunguka tu, mtu anavuta tumbo ndani. Wote. Biharusi wa miaka 22 anavuta, na bibi yake aliyekuja kushonewa dera anavuta zaidi. Nimejifunza kungoja. Nataja bei ya nyanya, namuuliza kama mamake hajambo, mpaka pumzi imtoke yenyewe, hapo ndipo nakaza kidole kwenye futi na kusoma. Ukikata kitambaa kwa kipimo cha pumzi iliyobanwa, nguo itakurudia kabla ya Ijumaa.

Kwa hivyo mume wangu aliponielekezea kamera chumbani, huko Lamu, mwaka jana mwezi wa tisa, na mimi nikavuta tumbo ndani, ilikuwa nicheke. Sikucheka. Nilimwambia azime hiyo kitu.

Mambo yalianza na kipande cha satini. Mteja mmoja, msichana wa Nairobi aliyekuwa anaolewa Nyali, aliniletea mita nne za rangi ya zambarau iliyoiva, akataka joho la kuvaa akipigwa picha za kumpa mumewe zawadi. Si picha za harusi, za chumbani. Akanionyesha kwenye simu: wasichana wamejilaza juu ya mashuka meupe, mabega wazi, macho nusu yamefumba. "Budwaa, mama. Siku hizi kila mtu anafanya." Nikasema haya. Nikapima, nikangoja pumzi, nikakata. Kikabaki kipande, na mteja akasema nikae nacho. Fundi hatupi kipande. Nikakiunga mgongoni kwa mshono ambao hauuoni ila uwe unajua pa kutazama, nikapata joho la pili, kubwa kuliko la kwanza kwa inchi kumi na moja. Nikalikunja, nikalitia chini kabisa ya droo ya cherehani.

Mzee, mume wangu, alilikuta akitafuta mkasi.

"La nani hili?"

"La mteja."

Akalishika mabegani, akalinyoosha mbele ya taa. Huyu ni mtu aliyenywa chai yake ya jioni kando ya cherehani yangu miaka yote hii. "Mteja wako," akasema, "ana kiuno kama chako."

Yeye huniita Fundi. Ameniita hivyo tangu 1989, alipoleta suruali ya kazi ipunguzwe miguu kisha akairudisha mara tatu bila kasoro yoyote. Tulioana 1991. Alifanya kazi bandarini Kilindini mpaka akastaafu, lakini kabla ya bandari, akiwa kijana wa miaka 17, alikuwa msaidizi wa studio ya picha. Mombasa ilikuwa mji wa studio. Ile ya Parekh, iliyofunguliwa miaka ya 1940, ndiyo wanayoijua watafiti wa nje, ila zilikuwapo nyingine ndogo ndogo, za pazia lililochorwa minazi na kiti kimoja cha fahari. Kazi ya Mzee ilikuwa kuchanganya dawa na kuanika picha zilizosafishwa. Anasimulia kwamba kuna wanaume waliokuja na mkanda wa picha mfukoni, wakasubiri wateja wengine watoke. Mwenye studio hakuuliza. Mkanda ule aliuweka kando, akausafisha mwenyewe usiku, msaidizi akiwa ameshapewa ruhusa ya kwenda nyumbani, na asubuhi bahasha ilikuwa mezani imefungwa kwa gundi, picha ndani na negativu zake zote ndani. Mzee hakuona hata moja. Anachokumbuka ni bahasha.

Ndiye aliyenifafanulia lile neno la biharusi. Tangu astaafu anasoma mpaka maandishi ya pakiti ya chumvi. Budwaa ni Kifaransa, huandikwa boudoir, na limetoka kwenye kitenzi bouder, yaani kununa. Kilikuwa chumba kidogo cha mwanamke katika nyumba za wakubwa wa Ufaransa karne ya 18, mahali pa kujitenga, kuvaa, na kumpokea aliyemchagua mwenyewe. Ukilifuata neno lenyewe, ni chumba cha kununia. Nilicheka mpaka uzi ukakatika. Nyumba yetu Kisauni ina vyumba vitatu na hakuna hata kimoja ambacho naweza kununa dakika tano nzima.

Chumba chetu cha kulala kina kabati, gunia la mchele, marobota mawili ya vitambaa vya watu, na kitanda ambacho wajukuu wanakiamini kuwa ni chao. Mlango haufungiki vizuri tangu mvua za mwaka ule. Kuanzia saa moja asubuhi ni "Hodi, Fundi!" mpaka isha. Kwa umri wetu watu hudhani faragha tumeshaizoea kwa kuwa watoto wameondoka. Watoto waliondoka, kweli. Wakarudisha watoto wao.

Ndipo Mzee akasema twende Lamu. Hakutaja picha, na mimi sikutaja. Lakini asubuhi ya safari nilimwona akiifunga ile kamera yake kwenye leso yangu, nami nikatia joho kwenye begi juu ya nguo zote ili lisikunjike.

Kosa hilo la kulitia juu nililijutia barabarani. Basi linatoka Mombasa alfajiri, linapita Malindi, linapita Garsen, na baada ya hapo vizuizi vya polisi ni vingi kuliko vituo vya chai. Kimojawapo tuliteremshwa wote, mabegi yakafunguliwa. Askari kijana, umri wa kitindamimba wangu, akafungua la kwangu na satini ikamwagika mkononi mwake kama maji. Akaishika. Akaniangalia: mama mtu mzima, buibui, miwani. Akaiangalia tena.

"Mimi ni fundi wa cherehani, mwanangu," nikasema.

"Sawa mama," akasema, na akafunga zipu kwa uangalifu ambao sijawahi kuona askari akifunga nao zipu ya mtu. Mzee alikuwa ametazama upande wa mbuyu, mabega yanamtikisika. Mpaka Mokowe, ambako basi linaishia na mashua zinaanza, hakuthubutu kunitazama usoni.

Tulikodi ghorofa ya chini ya nyumba ya zamani ndani ya mji, si Shela kwenye mahoteli ya ufukweni. Nataka kuieleza nyumba hii kidogo, kwa sababu ndiyo iliyoamua picha zetu zitokeeje. Nyumba za mawe za Lamu ni matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, huwezi kuilazimisha, kwa hivyo upana wa chumba unaishia pale boriti inapoweza kubeba, kama mita tatu kasoro. Urefu ndio unaweza kuuvuta utakavyo. Vyumba vinakuwa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Unaanzia dakani mlangoni, unafika kiwandani, ua ulio wazi juu, unapanda chumba cha kwanza, kiitwacho msana, kisha msana wa pili, na mwisho kabisa, mbali na njia na macho ya watu, unafika ndani. Hilo ndilo jina la chumba chenyewe: ndani. Cha mwenye nyumba mwanamke, kina ukuta wa zidaka za chokaa, vishubaka safu juu ya safu, vilivyochongwa kuwekwa vyombo vya kauri na chochote anachokipenda.

Nilisimama pale na begi mkononi, nikamwambia Mzee: Wafaransa wana chao cha kununia, na sisi chetu ndicho hiki.

Sasa, ndani ni pazuri kwa kila kitu isipokuwa kupiga picha. Hakuna dirisha. Mwanga wote wa nyumba unaingia kwa kiwandani na kutembea kwa miguu kupita misana miwili. Ukifika ndani umeshachoka. Na mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, si mahali pa kutoboa dirisha kwa ajili ya satini yako. Darini juu kulikuwa na baraza ya makuti, mwanga mwingi, upepo wa kusi. Mzee alipanda akakagua, akashuka akitikisa kichwa. Kila dari Lamu inatazama dari ya jirani, na mji wenyewe ni wa watu wenye stara zao. Hatukwenda kule kuwatia watu aibu juu ya nyumba zao.

Siku ya kwanza tukafanya kila kosa. Saa nane mchana, jua kali bado liko juu ya kiwanda, nimechoka na safari, na Mzee akaona aanze na simu, "ya kujaribu tu." Simu ina lenzi pana. Lenzi pana hukuza kilicho karibu nayo, na katika chumba cha mita tatu kasoro, ukimkalisha mkeo kwenye kitanda na wewe ukasimama ukutani mbele yake, kilicho karibu ni magoti. Nilipotazama kioo cha simu niliona magoti mawili makubwa, na kwa mbali nyuma yao, kama minara ya mji jirani, mimi.

Halafu akaanza kuniambia jinsi ya kukaa. Alikuwa amesoma. Geuza bega. Inua kidevu. Weka kidole mdomoni. Nilikiweka, na picha ilitoka kama ya mtu anayemwonyesha daktari jino. Kila alipobonyeza, nilibana pumzi, na kila nilipobana, mishipa ya shingo ilisimama. Nikiwa msichana sikupigwa picha za aina ile, kwa hivyo sikuwa na mazoea ya kurudia. Nilichokuwa nacho ni zile picha za biharusi wa Nairobi kichwani, na mwili wa miaka 56 ukijaribu kuzivaa. Fundi hapaswi kuambiwa: huwezi kuvaa nguo iliyopimiwa mtu mwingine.

"Zima hiyo kitu," nikamwambia. Nikaenda ndani, nikanuna. Chumba kikafanya kazi yake.

Alikuja baadaye na halua na kahawa, akakaa chini, si kitandani. Hakuomba radhi kwa maneno. Alisema, "Yule mwenye studio alikuwa anakaa na mteja nusu saa kabla hajashika kamera. Mimi nilidhani ni uvivu." Tukanywa kahawa. Tukaenda kutembea Mkunguni, tukapishana na punda, tukala mishikaki, tukazungumza habari za Bakor, mpiga picha wa Lamu aliyefariki miaka ya tisini, ambaye alikuwa hodari wa kukata na kubandika picha mpaka zikawa za ajabu. Mzee alimsikia tangu ujana. Usiku hakuna aliyetaja joho.

Asubuhi niliamka na adhana, nikaswali, na kama saa kumi na mbili u nusu hivi nikakaa kwenye msana wa kwanza, ule unaotazama kiwanda, nimevaa joho kwa sababu ndilo lililokuwa juu ya begi. Nikaona upindo wake umefumuka, kule begi lilipofunguliwa kwa nguvu barabarani. Sijui kukaa na upindo uliofumuka. Nikachukua sindano, nikavaa miwani, nikavuta kitambaa juu ya paja, nikaanza kuushona. Ili nipate mwanga niligeuza bega kwa kiwanda, bila mtu kuniambia.

Lamu ni digrii mbili tu kusini ya ikweta. Jua la pale halipandi, linaruka. Una muda wa saa moja na nusu tangu mwanga uingie mpaka uwe mkali wa kuchoma kila kitu, na ndani ya saa hiyo na nusu ukuta mweupe wa chokaa upande wa pili wa kiwanda unaupokea mwanga na kuurudisha laini, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Mzee hakuongea. Alikuwa amesimama kule mwisho wa msana, urefu wote wa chumba kati yetu, mita sita au saba, na lenzi yake ya milimita 85 ambayo siku ya kwanza haikuwa na nafasi ya kufanya kazi. Upana wa boriti ulimnyima, urefu ukampa. Nilisikia kubofya mara moja. Nikaendelea kushona. Uzi ulikuwa mdomoni.

Ile ndiyo picha. Nimeshaitazama sana, sasa naieleza kama kazi ya mtu mwingine. Mwanamke mnene amekaa kwenye mkeka, joho limemteleza bega la kushoto kwa sababu fundi wake aliliunga mgongoni na mshono unavuta kidogo upande mmoja. Nywele ziko wazi, hina imefifia na mvi zimetokeza kwenye utosi kama kamba mbili nyeupe. Miwani iko kwenye ncha ya pua. Paja liko nje hadi juu ya goti. Na tumbo, ambalo jana yake nilikuwa nimelificha kwa pumzi, mto, na mkono, limekaa pale mapajani, limepumzika. Sindano imenyanyuliwa. Huyo mwanamke hana habari na mtu.

Nilimwambia anionyeshe, akanionyesha, nikanyamaza. Yeye akadhani nimechukia. Kumbe nilikuwa natazama kipimo.

Kutoka hapo kazi ikawa rahisi, na ikawa yangu. Mimi ninajua vitambaa. Satini ni umbea: kila mkunjo inautangaza kwa mng'aro, na mwanga wa ubavuni unaifanya ipige kelele. Pamba hunyamaza. Leso hunyamaza na bado inasema, maana ina jina. Basi baadhi ya picha nilivaa leso peke yake, moja niliyoinunua Biashara Street, ya chapa ya Mali ya Abdulla, tena ya zamani imelainika. Nilimwambia Mzee asimame mgongo kwa kiwanda, mwanga umpite yeye kwanza ndipo unifikie mimi, na michirizi ya tumbo ikatulia. Kisha nikamwambia asimame upande, mwanga ulale, nione inavyotokea yote. Nilitaka kuona vyote viwili, kama ninavyomgeuza mteja mbele ya kioo.

Nina mishono miwili ya upasuaji wa uzazi. Wa kwanza ni wa 1994, unashuka wima kutoka kitovuni, na aliyeushona alishona kama anayefunga gunia la mkaa. Umejivuta katikati, una vifundo. Wa pili ni wa 2000, umelala chini, mwembamba, hatua sawasawa, sijui ni daktari gani lakini mkono wake ningempa kazi kesho. Miaka yote nimeificha yote miwili pamoja, kana kwamba ni kosa moja. Siku ile nilimwambia Mzee apige huo wa pili karibu kabisa, kwa sababu ni kazi nzuri. Akapiga. Halafu akasema, na mbaya je? Nikafikiri. Nikasema haya, piga na wenyewe, ili uonekane ubora wa mwingine.

Siku ya tatu nikamnyang'anya kamera. Mzee ana miaka 63 na kitambi cha mtu aliyestaafu vizuri. Nilimkalisha pale pale kwenye mkeka, kikoi kiunoni na kifua wazi, na kabla sijaweka kidole akavuta tumbo ndani mpaka mbavu zikahesabika. Nikashusha kamera. Nikamwuliza nyanya sokoni zilikuwa shilingi ngapi. Akaanza kulalamika, ana mengi ya kulalamika kuhusu nyanya, na alipofika kwenye habari ya mchuuzi aliyemchanganyia mbovu, tumbo lilikuwa limerudi kwake. Sitasema zaidi kuhusu picha hizo. Ni zake.

Sasa niseme la fedheha.

Ile simu ya siku ya kwanza. Picha nyingi za magoti tulizifuta palepale. Moja Mzee aliibakisha bila kuniambia, ya mwisho, nimempa mgongo nakwenda zangu kununa: leso imefungwa kwapani, mgongo na mabega wazi, nywele mgongoni. Simu yake mtoto wetu aliifungulia akaunti ya familia miaka mitatu nyuma, ili picha za wajukuu zisipotee. Usiku, intaneti ya nyumba ile ikaichukua picha, ikaipeleka kwenye akaunti. Na kule Nairobi, sebuleni kwa binti yangu, televisheni ikiwa haitazamwi hupitisha picha za familia moja moja, polepole.

Simu yangu ililia saa mbili asubuhi ya siku ya nne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, mko wapi nyinyi?"

"Tuko Lamu."

"Naona."

Akanyamaza. Mimi nikadhani mtandao. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Nikaelewa ni leso. Ndilo jina lake, limepita chini kwenye pindo, na kwenye televisheni ya inchi hamsini na tano lilisomeka herufi kwa herufi.

"Mumeo yuko wapi?" ndilo neno la kwanza lililonitoka. Mkwe! Nilihisi ardhi ya Lamu inateleza. Alikuwa ametoka kwenda kazini, alhamdulillahi, na binti yangu alikuwa amekaa ananyonyesha, mikono haina nafasi, akaitazama ile picha ikimaliza zamu yake yote na kumpisha mjukuu anayekula uji. Alicheka sana. Mimi nilikasirika siku nzima, na niliyemkasirikia si mashine, ni Mzee, kwa kubakisha bila kuniuliza. Huo ndio ugomvi wetu pekee wa safari, na nilikuwa na haki.

Maana sisi wanawake wa pwani kanuni hii tunaijua, tumeiweka wenyewe. Nenda kwenye kupamba, usiku wa biharusi kutolewa mbele ya wanawake wenzake. Mlangoni amekaa mama mmoja mwenye kikapu, simu zinaingia kikapuni. Mpiga picha ni mwanamke, na sherehe ikiisha kadi ya kamera yake inakwenda mkononi kwa mama wa biharusi. Hakuna anayeona ajabu. Picha ni ya mwenye mwili, si ya mwenye kamera. Yule mwenye studio aliyefunga bahasha kwa gundi aliijua, na Mzee aliyekuwa akiitazama bahasha hiyo akiwa na miaka 17, akaisahau kwa picha moja. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya makosa ya mtandao inamfunga mpaka miaka miwili, au faini ya hadi shilingi laki mbili, au vyote, mtu anayesambaza picha ya faragha ya mwenzake. Lakini sheria huja wakati picha imeshatembea. Sisi tulikaa chini, tukazima kule kupeleka picha kwenyewe, tukazima na ile alama ya mahali ambayo simu inaipachika kwenye kila picha, tukafuta, kisha tukaenda kwenye pipa la ndani ya programu tukafuta na huko, kwa sababu picha iliyofutwa hukaa humo inakungoja siku kadhaa. Kamera yake haina intaneti. Kwa hilo niliishukuru kwa mara ya kwanza, baada ya kuilalamikia miaka kwamba ni ya kizamani.

Wapo watakaouliza habari ya dini, na ni swali la haki. Qur'ani imewasema mume na mke kuwa ni vazi, huyu kwa huyu na yule kwa yule. Mimi kazi yangu ni mavazi, aya hiyo huisikia kwa sikio la fundi: vazi linakaa karibu na ngozi kuliko kitu chochote, na linajua kila palipojivuta. Kwamba anione, hilo halina mjadala. Mjadala ni kitu kinachobaki baada ya kuona, na tukauzungumza tukiwa kwenye mashua kurudi Mokowe, taratibu, nahodha kule nyuma na injini yake akiimba.

Kwa umri wetu swali si wezi wa simu peke yao. Swali ni kwamba mmoja wetu atatangulia. Watakuja wanawake kuniosha au wanaume kumwosha, na baada ya arobaini watoto watafungua makabati. Nimewahi kuitwa na jamaa wa mteja wangu aliyefariki ili nichambue nguo zake, zipi zigawiwe. Najua mikono ya watu inavyopita kwenye vitu vya marehemu. Mzee alitaka zote zihifadhiwe. Picha 140 na ushei. Mimi nilitaka zifutwe zote nibaki nayo ya upindo kichwani. Mpaka gati la Mokowe tulikuwa tumefika kwenye tisa. Nilizichagua mimi. Saba hazina sura, huwezi kujua ni nani ila uwe umewahi kulala karibu na huo mgongo. Mbili ni za upindo, na sura ninayo.

Hatukuzichapisha. Mzee alilitamani sana, mikono yake bado inakumbuka dawa na karatasi, lakini siku hizi hakuna wa kukufungia bahasha kwa gundi. Makubaliano ni kwamba atakayebaki aivunje kadi kwa nyundo siku hiyo hiyo, kabla ya wageni wa matanga. Ameniuliza kama ataruhusiwa kuitazama kwanza. Nimemwambia, mara moja tu.

Kadi yenyewe iko kazini kwangu, kwenye kopo la biskuti la vifungo, imeshonewa ndani ya kipande cha satini ya zambarau kilichobaki baada ya kipande kubaki. Juu yake kuna vifungo vya sare za shule, vile vyeupe vya matundu manne, kama kilo moja hivi. Wajukuu wanalifungua lile kopo kila wiki kutafuta vya dhahabu. Vyeupe hawavigusi.